Nyumba Arobaini za Kilimani

Jamani, mpo?

— Tupo!

Mmekaa vizuri?

— Tumekaa!

Basi sogeeni karibu, maana sauti yangu leo imechoka, na hadithi yenyewe imechoka kunizidi.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji. Mji ulikuwa na baraza, na baraza lilikuwa na ghala la mtama. Kila mwenye shamba alitia humo debe moja baada ya mavuno. Mtama ule ulikuwa wa wote, wa kusaidiana siku ya shida.

Mpishi wa baraza alikuwa Mama Digidigi. Alikaa bondeni kichakani, yeye na wanawe. Masika yaliyopita maji yalishuka kwa kishindo, yakamchukua kitindamimba wake. Wakabaki wana wawili. Tangu hapo, kila akisikia ngurumo, aliwahesabu wanawe. Alitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba juu kilimani kabla mvua hazijarudi.

Asubuhi moja Fundi Muhanga akaingia barazani, kucha zimejaa udongo.

"Waheshimiwa," akasema, "nataka kuchimba nyumba arobaini kilimani, za watu wa bondeni. Chakula cha vibarua ninacho nusu. Nusu nyingine naomba ghala la mji linisaidie. Tukianza kesho, masika yatatukuta ndani."

Mama Digidigi, kule jikoni, aliacha mwiko ukielea. Akasogea mlangoni asikie vizuri.

Ngiri akauliza, "Huyu hatatajirika kwa jasho letu?"

Kanga akauliza, "Na milango itatazama wapi?"

Mwenyekiti Kiboko akapiga mwayo. "Jambo hili ni zito. Lipimwe."

Wajumbe wote wakaimba. Nanyi imbeni, msiniachie peke yangu:

*Lipimwe, lipimwe,*
*lisije likatulemea!*

Sasa mji ule ulikuwa na desturi yake. Baraza likikaa, halivunjwi mpaka wajumbe wameshiba, na chakula chao hutoka ghalani. Wajumbe walikuwa wengi, na tumbo la Kiboko mnalijua.

"Mama Digidigi," akaita, "weka sufuria."

Akachota mtama, akapika, wakala. Wakapima hivyo siku kumi, wakila kila siku. Ukoko ulikuwa haki ya mpishi. Aliukwangua akawapelekea wanawe, nao wakanenepa kidogo.

Mwezi ukaandama, Muhanga akarudi. "Waheshimiwa, mmeamua?"

Ngiri akataka kilima kikaguliwe. Wakapanda, wakakitazama, wakashuka na njaa. Kanga akataka kujua kwa nini nyumba arobaini, zisiwe thelathini na tisa. Kiboko akapiga mwayo. "Lipimwe."

*Lipimwe, lipimwe,*
*lisije likatulemea!*

"Mama Digidigi, weka sufuria."

Siku kumi nyingine. Sasa alipochota mtama ilimbidi ainame mpaka paji la uso liguse ukuta. Alijua maana yake. Akaenda hadi mlango wa baraza, akafungua mdomo. Kisha akawakumbuka wanawe na ukoko wao. Akaufunga. Aliona aibu, nawaambieni, lakini aliufunga.

Mwezi wa tatu mawingu yakajikusanya. Muhanga akaja tena, kucha safi, maana hakuwa na kazi. Akaonyesha juu. "Mvua hiyo, wazee."

Wakapima siku kumi za mwisho. Siku ya kumi Mama Digidigi alishindwa kuvumilia, akaingia ndani.

"Waheshimiwa, huo mtama..."

"Mpishi hasemi barazani!" Kanga akamkatiza.

"Tutakusikia tukimaliza, mama," akasema Kiboko kwa upole.

Wakamaliza. Wote wakaafiki, hata Ngiri. Wakapiga makofi, wakakumbatiana, wengine wakatokwa na machozi kwa wema wao.

"Mama Digidigi, fungua ghala! Mpimie fundi msaada wake."

Akaenda, akarudi na kibuyu kimoja cha mtama, tena hakikujaa. Akakiweka chini mbele ya mwenyekiti.

"Na mwingine uko wapi?" akauliza Kiboko.

"Mmeula, mzee. Siku thelathini mlikuwa mkiupima mkiula. Na mimi na wanangu tulikula ukoko wake, nikanyamaza."

Kanga akainama, akachungulia ndani ya kibuyu. Halafu Ngiri akakohoa, akauliza nani atawajibika. Kiboko akapiga mwayo. "Hili nalo ni zito. Lipimwe."

Fundi Muhanga hakungoja wimbo. Alitoka akapanda kilimani peke yake, akaanza kuchimba kwa kucha zake, bila kibarua hata mmoja. Mama Digidigi alikimbia bondeni, akawaita majirani, wakabeba watoto wao wakamfuata kilimani.

Mvua ilianza kabla fundi hajafika mbali na kazi yake. Muhanga alikuwa amepata shimo moja, fupi. Wakaingiza watoto, wakawabananisha, wakajaa. Wakubwa hawakuenea. Walisimama nje wameuzunguka ule mlango, mvua ikiwapiga mgongoni, wakisikiliza maji yakipita bondeni.

Haya. Funzo lake ni hili: shida ya mtu haikungoji umalize kushiba. Na aliyeona mambo yakiharibika akanyamaza kwa ajili ya ukoko, naye alikula.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye mabega aibebe, mimi nakwenda kupumzika. Mmeipokea?

— Tumeipokea!