Kifaru Aliyegeuka Paa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na viwanja, mabati na wapangaji wasumbufu, Bi Pimbi alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu mlimani. Kimoja alilala yeye na wanawe, viwili aliwapangisha Kware na Kenge.

Mnajua pimbi anavyopenda kuota jua, wanangu. Siku moja, akiwa amejilaza juu ya bati, aliona uchungu jua lote lile linavyopotea bure. Akatafuta paneli ya sola, akaifunga palepale juu, akashusha waya hadi kwenye betri uvunguni mwa kitanda. Mchana paneli inakula jua, betri inaweka akiba. Jioni taa zinawaka pwaa! Koroboi zikatupwa, moshi ukakoma, na wapangaji wakaacha kulalamika, jambo ambalo halijawahi kutokea kwingine duniani.

Jirani yake, Bwana Kifaru, alikuwa na mwili wa lori na subira ya nzi. Taa zile zilimkosesha raha. Asubuhi moja akaja, gubu, gubu, gubu, akaing'oa paneli kwa pembe na kuondoka nayo. Bi Pimbi alitamani kulia. Kware na Kenge walianza kufunga virago, wakisema hawakai gizani hata kwa dawa.

Siku ya tatu Bi Pimbi akajikaza, akaenda kwa Kifaru. Akaikuta paneli sebuleni, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, isiingie vumbi. Kifaru na mkewe walikuwa wameketi mbele yake wakiisubiri iwake.

"Umeniloga," Kifaru akanguruma. "Haitoi hata cheche."

Bi Pimbi alijiuma ulimi asicheke. Akaeleza kwa adabu kwamba ina njaa, chakula chake ni jua, na mahali pake ni juu ya paa. Kifaru akainamisha kichwa. Paa lake la nyasi lilikwisha kuanguka mara mbili kwa sababu ya chafya zake.

"Usihuzunike, Bwana Kifaru," Bi Pimbi akasema. "Mgongo kama huo, kuna paa gani la kushindana nao? Njoo usimame uani kwangu, karibu na betri, tukuunganishe."

Kifaru akavimba kwa sifa. Kesho yake akafungwa paneli mgongoni kwa kamba, waya ukaungwa, ukapita dirishani. Bi Pimbi akaota jua juu ya bati huku akimwelekeza: jua limesogea, geuka kidogo, usiingie kivulini, tope marufuku, ukijipaka, paneli haioni. Kifaru akageuka polepole kutwa nzima, ng'wee, ng'wee, magoti yakilia. Wapangaji wakafungua virago. Kenge akamtundikia soksi zake kwenye pembe zikauke.

Siku ya nne ya kazi hiyo, mke wa Kifaru akaja kumtafuta mumewe. Akasimama akamtazama, akazitazama na soksi.

"Baba Watoto, unafanya nini?"

"Natengeneza umeme," Kifaru akasema kwa fahari.

"Unakwenda wapi huo umeme?"

"Kwenye betri."

"Betri ya nani?"

Kifaru akaufuata waya kwa macho, taratibu, kutoka mgongoni mwake mpaka dirishani, mpaka uvunguni mwa kitanda cha Bi Pimbi. Masikio yakalala kwa aibu.

Mkewe akafungua kamba, akamwamuru airudishe paneli juu ya bati, na Kifaru akairudisha kwa uangalifu mkubwa, akitumia ncha ya pembe. Kisha mama yule akamgeukia Bi Pimbi, akamwomba samahani, akamuuliza wanaanzaje wakitaka yao wenyewe. Bi Pimbi akashuka, akamwambia kweli yote: kwanza wajenge paa imara.

Mkiona kitu kizuri kwa jirani, wanangu, ulizeni kinavyofanya kazi, maana aliyekinyang'anya aligeuzwa kuwa paa.