Chanzu Alivyorithi Mjane

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi yetu Minayo, wakati wa kupukuchua mahindi mwaka 1991, naye alikisikia kwa Kageha mwenyewe.

Matanga ya mume wa Kageha yalipokwisha tu, shemeji yake Chanzu aliingia uani na godoro begani.

"Shemeji, mila ni mila. Leo nakurithi wewe, nyumba na migomba. Ukikataa, rudi kwenu."

"Nani amekataa?" Kageha alicheka. "Ila sitaki mume wa kunyemelea. Tangaza mbele ya wazee kwamba u mume wangu, na kwamba miiko yote ya ndoa utaishika. Au unaogopa?"

"Mimi, Chanzu, niogope!"

Wazee wakaitwa. Chanzu akatangaza kwa sauti iliyoshtua kuku, nao wakashuhudia.

"Basi karibu ndani, mume wangu," Kageha alisema, akafungua mlango wazi.

Bibi kizee akatokea jikoni akijifuta mikono kwa kanga. "Karibu, mkwe wangu! Mimi ndiye mama yake Kageha. Nimehamia hapa jana, na sitoki mpaka nizikwe."

Godoro likaanguka. Chanzu akajifunika uso. "Mama mkwe! Nitalalaje chini ya paa moja na mama mkwe?"

"Hulali," wazee walisema, wameshika mbavu. "Wala humfukuzi. Ni laana."

"Mume wangu, mbona waondoka na chakula ki tayari?" Kageha aliita, lakini Chanzu alikwisha kuivuka migomba, mbio.

Chanzu alifariki zamani. Mama mkwe wake alimfuata baadaye sana. Kageha yu hai.