Prosesa Iliyoamka Bila Kupokewa

Wapendwa, leo msizifiche simu zenu, maana nataka kuzungumza habari za kompyuta.

Kulikuwa na dada mmoja fundi wa kompyuta, jina lake Anande, mtu wa kucheka hata na ukuta. Kampuni yao ilikuwa na kompyuta moja kubwa, na Anande ndiye aliyeandika programu ya kuigawa ile moja ifanye kazi kama kompyuta nyingi ndogo, kila moja na mpangaji wake. Mpangaji mmoja alikuwa kampuni ya mabasi, mwingine chuo cha ufundi, mwingine benki ya damu. Nyumba ni moja, lakini kila mpangaji anajiona yuko peke yake.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na prosesa kadhaa, yaani zile bongo zinazofanya kazi yenyewe. Umeme ulivyo ghali, Anande akajiuliza: kwa nini zote zikeshe wakati kazi ni chache? Akaandika utaratibu. Kazi zikipungua, prosesa moja iwakabidhi wenzake mzigo wake, ilale. Kazi zikiongezeka, iamshwe. Si jambo jema? Hata sisi Mungu ametupa usingizi.

Kulala ikalala vizuri. Shida ilikuja kwenye kuamka. Ilipopewa tu kazi ya wapangaji, kompyuta nzima ikazimika, wapangaji wote chini. Simu ikaita. Nesi wa benki ya damu.

"Dada, kuna mama ametoka kujifungua, damu inamtoka. Nataka kujua damu ya kundi lake iko jokofu gani, na skrini yangu ni nyeusi."

Anande akaiwasha upya kompyuta. Yule mama akapata damu, Mungu ni mwema. Lakini siku hiyo Anande hakucheka tena.

"Hiyo prosesa ni mbovu," meneja alisema. "Itoe."

Akaitoa, akaweka mpya. Ikachapa kazi bila wasiwasi mpaka ilipolala na kuamka, kisha yaleyale. Safari hii waliolalamika ni watu wa mabasi: abiria wawili wameuziwa kiti kimoja, na hakuna anayekubali kusimama.

Kesho yake Ndekirwa akarudi kazini. Huyu alikuwa fundi mwenzake Anande, aliyekaa nyumbani miezi akijiuguza mgongo. Hata kiti hakijapata joto, meneja akamwambia ahamishe mafaili ya chuo. Akahamisha kama alivyozoea. Kumbe utaratibu wa kuhamisha ulibadilishwa akiwa mgonjwa. Wanafunzi wakaamkia ratiba ya mitihani, hawaioni.

Meneja akafoka. "Huyu hajapona. Amesahau hata kazi."

Anande naye, kwa uchovu, akatikisa kichwa kukubali.

Ndekirwa akasema taratibu, "Bosi, sijasahau. Nimerudi, nimekuta mzigo mezani. Nani kati yenu aliniambia kwamba mambo yamebadilika?"

Anande akaifikiria ile prosesa, akarudi kwenye programu yake, akaisoma mstari kwa mstari. Kompyuta inapowashwa, kila prosesa huambiwa: hapa kuna wapangaji, na hivi ndivyo wanavyohudumiwa. Lakini prosesa ikilala, maagizo yale hufutika. Na ikiamka, hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba iambiwe tena. Iliamka, ikatupiwa mzigo. Ingeufanyaje?

Akaongeza mistari michache tu: ikiamka, kwanza ipewe maagizo, ikishayashika, ndipo ipewe kazi. Akailaza, akaiamsha. Shwari. Akailaza tena, akaiamsha tena. Wapangaji wakaendelea na mambo yao, hakuna aliyejua kama kuna aliyekuwa amelala. Anande akacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Meneja akafurahi. "Hongera, dada. Sasa la mashine limekwisha. Nisaidie kutafuta mtu wa kushika nafasi ya Ndekirwa."

Hapo kicheko kikakoma.

"Bosi," Anande alisema, "ile prosesa ya kwanza tuliyoitoa, nimeirudisha. Ndiyo inayofanya kazi sasa hivi. Haikuwa mbovu hata kidogo. Kosa lilikuwa langu, niliyeiamsha nisiipokee. Na Ndekirwa tumemfanyia vilevile. Niache nikae naye leo."

Meneja akavuta kiti, akaketi nao. Wakamweleza Ndekirwa yote yaliyopita, chai ikaletwa, na kabla ya jioni wanafunzi wakaiona ratiba yao. Aliyeirudisha ni Ndekirwa mwenyewe.

Sasa tuje kwetu sisi. Kuna kaka aliyetoka gerezani. Kuna binti aliyerudi nyumbani na mtoto mgongoni. Kuna mzee aliyeacha pombe akarudi kanisani. Tunawafanyaje? Jumapili ya kwanza tunapiga makofi, ya pili tunawapa kazi za kamati, ya tatu tunanong'onezana, "Nilijua tu, huyu hajabadilika." Jamani, nani aliketi naye? Nani alimwonyesha nyimbo tunazoimba siku hizi, na jumuiya inakutana kwa nani? Tunawaita wabovu watu ambao ni wazima kabisa, kisha tunamwomba Mungu atuletee wapya.

Ibada ikiisha leo, usikimbilie nje. Benchi la nyuma kuna mtu ambaye hatujamwona tangu Pasaka. Usimuulize alikuwa wapi. Mwambie tumefika wapi.