Kwa Nini Seli Nyekundu ya Damu Haina Kiini

Mmecheka, nimewasikia. Mkunde ndiye aliyecheka kuliko wote, eti seli nyekundu zinafanana na maandazi yaliyokaliwa. Mimi Bi Nasemba nimezitazama kwenye hadubini ya zahanati miaka thelathini na mmoja, na sijapata kuzicheka hata siku moja. Kaeni chini niwaeleze kile kishimo cha katikati kimetoka wapi. Ni hadithi ya msiba, na sitaitia sukari.

Hapo mwili ulipokuwa bado nchi changa, kila seli ilikuwa nyumba kamili. Ukuta wake ulikuwa utando mwembamba wenye malango, uliojua cha kuingiza na cha kutoa. Ndani mlijaa ute mzito kama uji. Humo walikaa wapishi, yaani mitokondria, waliochoma sukari kwa hewa safi ili nyumba ipate nguvu. Na katika chumba cha ndani alikaa babu, jina lake Kiini. Yeye ndiye aliyeshika maagizo yote ya ukoo: namna ya kushona ukuta ukichanika, namna ya kugawanyika na kupata watoto. Nyumba isiyo na babu iliitwa gofu, hata kama moto unawaka jikoni.

Nchi ile ilikuwa na desturi moja. Kitu kikivushwa kizingiti na kuachwa nje, basi ni taka, na taka ni halali ya Walaji, zile seli kubwa zinazofagia kwa kumeza. Hakuna aliyewalaumu. Bila wao tungeoza tukiwa hai.

Sasa, ndani ya mifupa, mahali paitwapo ubohoni, aliishi seli aliyeitwa Mchukuzi. Kazi yake ilikuwa kubeba hewa kutoka mapafuni na kuwapelekea ndugu wa mbali. Lakini mwili ulikuwa umekua, na hewa aliyobeba haikutosha tena. Habari zikaja kutoka ubongoni, alikoishi dada yake Neva, kwamba wapishi wamezima moto na nyumba zinakufa mtaa kwa mtaa. Na huko ubongoni anayekufa ni nadra kupata wa kushika nafasi yake.

Mchukuzi akaitazama nyumba yake. Babu peke yake aliijaza karibu nusu. Akamwendea, akapiga magoti.

"Shikamoo babu. Dada anakufa, na matenga ya kubebea hewa hayaenei humu. Nikutoe kidogo tu, nikirudi nikuingize."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ukuta ukichanika njiani, nani atakwambia pa kushona?"

"Nitakuwa nimesharudi."

Babu akazikusanya nyuzi zake. Kisha akasema, "Basi ngoja kwanza nikufumie matenga ya kutosha, maana nikishatoka hakuna atakayejua kuyafuma." Akafuma matenga ya chuma, yaani himoglobini, hadi nyumba ikawa nyekundu ndani.

Mchukuzi akambeba, akamvusha kizingiti. Walaji walikuwepo palepale kama kawaida yao. Kwa ile haraka yake akawaambia, "Ndugu zangu, nawaachia babu."

Wakamjibu, "Ahsante."

Laiti angelisikiliza jibu lile! Mtu anayeachiwa amana husema "haya" au "nenda salama". Ahsante husemwa na aliyepewa.

Mara akaona wapishi wake wanadokoa hewa ya safari. Ndivyo walivyo wapishi, hawawezi kuona hewa wakaiacha. Akawatoa na wao. Paa lililokosa babu wa kulishikilia likabonyea katikati, lakini nyumba iliyobonyea ilikunjika vizuri, ikapenya vijia vyembamba kuliko yenyewe. Mchukuzi akafika ubongoni, akamkuta Neva anahema kwa shida, akamshushia mzigo wote. Moto ukawaka tena.

"Babu yuko wapi?" Neva akauliza.

"Yuko mlangoni. Naenda kumchukua."

Aliporudi ubohoni, alikuta kizingiti kimefagiliwa kikang'aa. Hata alama ya alipokaa mzee haikuwepo.

"Babu yangu yuko wapi?"

"Ulisema unatuachia," Mlaji akasema kwa upole. "Tukashukuru, tukala."

Mchukuzi akalia pale, akajilaani, mpaka hewa ya Neva ikakaribia kwisha na akaitwa tena. Akaenda. Kwa miezi minne alikwenda na kurudi. Ukuta wake ukakakamaa, ukaanza kuchanika, naye hakujua pa kushona. Mwisho akakwama kwenye vichochoro vya wengu, na Walaji walikuwa wanamngoja. Hakuwaomba kitu. Wakamla, wakarudisha chuma cha matenga yake ubohoni kwa watakaozaliwa.

Na tangu siku hiyo, kila seli nyekundu inayokua ubohoni humngoja babu afume matenga, kisha humvusha kizingiti na kumwachia Mlaji. Sasa zote zinajua maana ya neno 'nawaachia', na bado hulisema. Huishi miezi minne hivi, bila mtoto, bila mtu wa kuzishonea ukuta.

Mkunde, weka vidole hapa kwenye kifundo cha mkono. Unasikia? Ndio hao wanapita. Tangu nianze kusema, mamilioni yao wamekufa ndani yako ili Neva wako wapate pumzi ya kunisikiliza. Haya, cheka tena.