Ndama wa Mjane Hawisa

Sogeeni karibu, na msikilize vizuri, kwa sababu hukumu ya kisa hiki sitaitoa mimi.

Zamani sana, katika kijiji cha Wenlow huko Uingereza, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mtawa Hamo, aliyezunguka vijijini akihubiri na kuomba chakula, alijaliwa ulimi: akisimulia jambo, hata mwenye jino bovu alicheka. Mabota, mpika pombe, alijaliwa kumbukumbu. Hakujua kusoma, lakini kilichoingia kichwani mwake hakikutoka. Na Wilkin, mchimba makaburi, alijaliwa mikono. Udongo uliowashinda wanaume watatu yeye aliuvunja peke yake.

Paroko wao aliitwa Padre Gerold. Desturi ya wakati ule ilimruhusu paroko kuchukua mnyama mmoja wa familia mtu anapofariki. Gerold alichagua aliye bora, hata akiwa wa pekee, na asipopewa, alikataa kumzika marehemu. Mtawa Hamo alimchukia, ila si kwa ajili ya wajane. Wawili hao waligombea waumini walewale. Hamo alimwita Gerold mwizi, naye akaitwa mzururaji.

Majira ya baridi kali, Edrik mfumaji akafa. Alimwacha mkewe Hawisa, watoto wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa.

"Mlete ng'ombe, nimzike mumeo," alisema Padre Gerold.

"Padre, watoto watakunywa nini?"

"Hilo ungemuuliza mumeo kabla hajafa."

Hawisa akakataa. Siku ya tatu paroko akatuma watu, wakamchukua ng'ombe kwa nguvu. Hata hivyo hakuzika, eti mjane amekuwa mbishi. Maiti ikaendelea kulala ndani, na watoto wakalala upande wa pili wa pazia.

Siku ya sita ilikuwa sikukuu ya kijiji, na mjumbe wa askofu alifika. Watu wakala pamoja mbele ya kanisa. Mtawa Hamo akasimama, akaomba ruhusa ya kusimulia. Akasimulia habari za maiti aliyechoka kungoja, akaamka, akajifunga sanda kiunoni na kwenda kwa paroko kudai kaburi lake. Hakumkuta kitandani. Alimkuta zizini, amelala katikati ya ng'ombe, akiwabembeleza mmoja mmoja kwa majina ya marehemu.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mjumbe naye alicheka. Kisha Hamo akaigiza mwendo wa yule maiti, akichechemea mguu wa kushoto, kama Edrik alivyokuwa akichechemea. Watu wakamtambua, wakacheka zaidi. Hawisa alikuwepo. Alijifunika uso kwa mtandio.

Mjumbe alifuta machozi ya kicheko, akauliza, "Ni hadithi tu, au kuna ukweli?"

"Ni uzushi wa mzururaji," alisema Gerold.

Ndipo Mabota akaweka chini mtungi wake.

"Kwa Alard padre alichukua ng'ombe mwekundu wa pembe moja," alisema. "Kwa bibi Golda, kondoo na mwanawe. Kwa Tostig, maksai aliyekuwa bado hajamaliza kulima shamba."

Akaendelea. Miaka kumi na moja, wanyama thelathini na mmoja. Kila jina lilipotajwa, mtu mmoja mahali fulani aliinamisha kichwa. Mjumbe hakuwa akicheka tena.

"Edrik azikwe leo, kabla sijaondoka," akasema. "Na ng'ombe arudi kwa mwenyewe."

Gerold akajibu kwa upole mwingi, "Ningefurahi. Lakini ardhi imeganda kama jiwe. Kaburi litachukua siku mbili." Alijua kwamba mjumbe ataondoka jioni ile, na neno lake litaondoka naye.

"Kaburi liko tayari," alisema Wilkin kutoka nyuma.

Tangu siku ya pili alikuwa akichimba bila ruhusa, akiwasha moto wa vijiti juu ya udongo ili barafu iyeyuke. Viganja vyake vilikuwa vimechanika.

Edrik akazikwa alasiri ile. Ng'ombe akarudi nyumbani.

Padre Gerold hakuadhibiwa. Alihamishiwa parokia kubwa zaidi, karibu na mji. Kabla ya kuondoka alimfukuza Wilkin kazi, na akawakataza watu kunywa kwa Mabota. Wengi walitii.

Majani yalipochipua, ng'ombe akazaa. Hawisa akasema ndama ni wa yule aliyefanya mumewe azikwe. Akawaita wote watatu.

"Bila hadithi yangu, mjumbe angekula akaenda zake," alisema Hamo. "Na watawa wenzangu hawana maziwa." Kisha akasema polepole, "Nilikuona ulipojifunika uso, dada yangu. Niliendelea kwa sababu walikuwa wanacheka."

"Bila mimi ingebaki hadithi," alisema Mabota. "Lakini wale wanyama niliwajua miaka yote hiyo. Na kila Jumamosi nilimpelekea padre pombe yangu iliyo nzuri."

Wilkin alitazama miguu yake.

"Nilichimba, ndiyo. Nyumbani hakuna chakula, sitaficha. Lakini kila mnyama aliyechinjwa kwa padre, ngozi nilipewa mimi. Viatu hivi sijui ni vya ng'ombe wa nani."

Mabota alivitazama vile viatu.

Hawisa aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Angependa kuwashukuru, na angependa pia kuwauliza walikuwa wapi miaka ile kumi na moja. Ndama alikuwa ananyonya ncha ya mkono wa gauni lake.

Basi, mliosikiliza, semeni. Mngekuwa nyinyi mmeshika kamba ya yule ndama, mngemkabidhi nani?