Nyasi za Sungura

Sikilizeni ya Sungura na nyasi zake, na anayecheka acheke taratibu, maana Fisi yupo jirani.

Mwaka huo mvua iligoma. Nyasi za mlimani zilikauka zikawa zinalia zikikanyagwa, na kila mwenye nyumba aliujua moto wa kiangazi: ukishuka mlimani haupigi hodi. Sungura alihofu kupita wote, kwa kuwa alikuwa na kihenge cha michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, chakula chake pekee mpaka masika.

Bi Kanga akawaita wote kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. "Moto ni mgeni mlafi," alisema, akiparua ardhi kwa kucha. "Akikosa cha kula kwako, anapita. Fyekeni, kisha fagieni mpaka udongo uonekane. Kuni zikae mbali na ukuta. Tawi lililolalia paa, kata. Na nyasi mlizofyeka zipelekwe korongoni, zisibaki nyumbani kwa mtu!"

Hata Simba alifagia, ingawa aliushika ufagio kama fimbo ya kifalme.

Sungura naye alifyeka vizuri. Ila korongo lilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Akamwona Fisi amejipumzisha kivulini, na akili yake ikaanza kucheza.

"Kaka Fisi, hivi masika yakija watu wataezekea nini, ikiwa wote wanatupa nyasi? Mwenye nazo atabembelezwa kwa nyama."

Fisi akainuka. "Nyama yenye mafuta?"

"Na mifupa juu yake."

Fisi akazoa nyasi za Sungura zote, akazirundika nyuma ya nyumba yake mpaka zikagusa paa. Bi Kanga alimpigia kelele hadi sauti ikamkauka.

"Wivu tu huo," alijibu Fisi. Sungura wakati huo amejilaza ndani, anajisifu.

Alasiri moja moto ukashuka. Ulifika kwa Simba ukakuta udongo mtupu. Ukafika kwa Sungura, ukazungukazunguka, ukapita. Kwa Fisi ulikuta karamu. Fisi alitoka mbio mkia umebabuka, na nyumba ikabaki majivu.

Sungura alikimbilia kihenge chake. Salama! Akarukaruka kwa furaha. Hajatulia, akasikia hodi.

"Mdogo wangu," alisema Fisi, macho mekundu kwa moshi, "nyasi zilikuwa zako, na ushauri ulikuwa wako. Nimekuja kukaa."

Sungura akawatazama majirani. Wote walijifanya wanafagia, isipokuwa Bi Kanga.

"Nilisema zisibaki nyumbani kwa mtu," alimwambia. "Wewe ukasikia nyumbani kwako. Haya, mkaribishe mwenzio."

Fisi alikwishaingia. Alinusa huku, akanusa kule, kisha akasimama.

"Ndugu yangu, humu kwenye kihenge umeweka nini?"

Michembe iliyopona kwa moto haikupona kwa Fisi.