Nati ya Mama Nanzia

Ti! Kitu kidogo cha chuma kilidondoka gizani, kikabingirika sakafuni, kikanyamaza chini ya kabati. Umeme ulikuwa umekatika wakati wajukuu wa Bibi Nakijwa wakimalizia kuifunga cherehani yake, waliyoifungua kuipaka mafuta.

"Iacheni," alisema mkubwa wao. "Nati moja tu imebaki. Cherehani si inashona?"

"Nati iliyobaki ina kwao," Bibi akasema kutoka kitini kwake.

Wakacheka, kisha wakamuuliza msemo huo kautoa wapi.

"Hakuna mhenga wa kale aliyeutunga," akawajibu. "Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Usangi, na ilianzia kwenye gari bovu."

Alikuwako mwanamke akiitwa Namkunda, mke wa Mbonea, mama yake Nanzia, mtoto wao wa kwanza. Uwanjani kwao palikuwa na Pijo 404 la rangi ya maziwa, aliloliacha marehemu baba mkwe wake. Enzi zake gari hilo ndilo lililowapeleka wagonjwa wa kijiji hospitali ya bondeni. Kisha pistoni zikakwama, injini ikafa, kuku wakahamia kiti cha nyuma. Hapo ndipo Namkunda aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa pili. Wanaume wakambeba kwa machela, wakashika njia kwa miguu. Mtoto alizaliwa kwenye kona ya mlima, akalia mara moja, basi. Wakarudi naye amefunikwa khanga.

Alipopata mimba nyingine, mkunga alimwambia wazi: huyu asizaliwe nyumbani, wala asizaliwe njiani. Namkunda hakulia. Alikwenda akasimama mbele ya lile gari, akawafukuza kuku.

"Baba Nanzia, gari hili litatembea."

"Kwa injini gani, mke wangu?"

"Tutatafuta nyingine."

Wakatafuta, wakapata Pijo jingine lililogongwa, mwili umeoza lakini injini haijafa, imechoka tu. Mbonea, aliyekulia chini ya gari la baba yake na spana mkononi, aliifungua yote pale uwanjani. Namkunda na tumbo lake alikaa kwenye kigoda, akiosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akikisugua kwa mswaki mpaka kinang'aa, kisha akikipanga juu ya gunia. Hata chai ilimnukia mafuta ya taa. Hakuacha.

Lakini kuifunga injini na kuinyanyua kuiingiza garini si kazi ya mtu na mkewe. Wakaitisha msaragambo, kazi ile ya pamoja tunayochimbia mifereji. Watu wakaja kama wanavyokwenda mferejini, kila mmoja akashika kipande chake. Huyu na spana, yule na mnyororo, mwingine anaimbisha tu.

Kosa lilipenya hapo. Mferejini, chakula kikiitwa, jembe huachwa lilipo, na mkirudi kila mtu anakiona kipande ambacho hakijachimbwa. Injini haiko wazi hivyo. Makande yalipoitwa, mikono ikaacha vyuma. Waliporudi wameshiba, kila mtu akashika palipo karibu naye, akiamini mwenzake alishamaliza kule. Sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, likafunikwa na kukazwa.

Alasiri injini ilikuwa ndani ya gari. Mbonea akazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma. Vigelegele vikapigwa! Baba mdogo Senzige, msimamizi wa mfereji na mtu wa mizaha, akacheza mbele ya taa za gari akidai apelekwe Moshi akanywe soda.

Namkunda alikuwa akikunja gunia. Nati ikamdondokea mguuni.

"Baba Nanzia, zima gari."

Mbonea akazima. Namkunda akafungua kiganja.

"Nati moja!" Senzige akaangua kicheko. "Mkwe wangu, fundi asiyebakisha nati huyo hajafungua kitu. Gari limepungua uzito, litapanda kama mbuzi!"

"Hiyo ni ya injini ya zamani," Mbonea akasema. "Si tulichomoachomoa vitu kule?"

Namkunda akaisogeza puani. "Ya zamani hatukuiosha. Hii nimeiosha mimi."

"Lakini si umesikia inavyonguruma?"

"Inanguruma uwanjani. Mlima haujaiuliza kitu."

"Unajua kufungua sampu ni nini, mama Nanzia? Nimwage mafuta yote, nilale mavumbini upya, na watu wameshanawa mikono!"

"Watanawa tena."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba mimba humtia mwanamke woga. Namkunda alimsikia. Woga alikuwa nao kweli, anaujua mpaka jina la kona unakokaa. Alimgeukia Senzige.

"Baba mdogo, mferejini ukimkuta mtu amesimama hana kazi, unasemaje?"

Senzige akajikuna shingo. "Nasema kuna kipande hakijachimbwa."

"Basi. Nati iliyobaki ina kwao. Nami sipandi gari hili mpaka niione imefika."

Akatandika gunia, akashika spana, akaanza kujisukuma chini ya gari. Tumbo likamkatalia.

"Toka huko!" Mbonea akaruka. "Unataka kuzalia chini ya gari?"

"Afadhali chini ya gari lililozimwa, kuliko ndani ya lililokufa kwenye kona."

Mbonea akamshika mkono, akamtoa taratibu, akaichukua spana.

Mafuta yakamwagwa kwenye karai, sampu ikashuka. Sasa, kila pistoni ina mkono wake wa chuma, konrodi, unaolikumbatia shafti linalozunguka chini, na kila kumbatio hushikwa na nati mbili. Mbonea alipapasa la kwanza, la pili. Kwenye la tatu mkono wake ukasimama. Lilikuwa na nati moja, nayo ilikuwa imeanza kulegea, inazungushika kwa vidole.

Senzige akainama, akachungulia kwa muda mrefu.

"Hapa nilikuwa mimi," akasema polepole. "Ndipo yakaitwa makande."

"Ingeachia mlimani," Mbonea akasema, uso umejaa mafuta. "Ingetoboa injini yote."

Namkunda akampa nati. Mbonea akaikaza, kisha akarudia zote zilizomo, na kila aliyeshika spana siku ile akaja kuonyesha alipoishia. Watu wakanawa mikono upya, na hakuna aliyenung'unika.

Uchungu ulimshika asubuhi yenye mvua. Njia ya kutoka Usangi hupanda kwanza ndipo iteremke, na Pijo lilipanda likiunguruma, matope yakiruka hadi madirishani. Walipoifikia kona ile, Namkunda alifumba macho, akawa anaisikiliza injini tu. Haikubadili sauti. Adhuhuri, hospitalini, mtoto wa kiume alikuwa mikononi mwake, analia, ananyamaza, analia tena.

Senzige alifika hospitali na chupa ya uji. Wagonjwa walimuuliza imekuwaje gari la zamani vile likaushinda mlima ule katika mvua. Hakufanya mzaha.

"Muulizeni mkwe wangu," akasema. "Sisi tulikuwa tumeshanawa mikono, yeye akakataa. Nati iliyobaki ina kwao."

Ndivyo maneno hayo yalivyotoka wodini, yakapanda mlima, na hadi leo kazi ikidhaniwa imekwisha na kitu kimoja kimebaki bila mahali pake, watu wa huku huyasema kabla ya kunawa. Nati iliyobaki ina kwao.

Siku ile, Nanzia, aliyekuja na Senzige, alinyanyuliwa akaketishwa kitandani kando ya mama yake. Akafunua khanga, akamtazama mtoto usoni, akamshika kidole.

"Huyu ni wa kwetu," akasema kwa sauti.